Mbeleko Inayotoa Pole

Sindano ilipita kwenye kidole changu cha shahada ikatokea upande wa pili, nami nikaendelea kushona kola. Aliyeona ni Mama Shani, jirani yangu wa cherehani ya kushoto, ambaye shingo yake imeinama miaka mingi hata akisimama unadhani anatafuta kitu alichoangusha.

"We Mwantumu!" akapiga kelele. "Unashona mkono wako!"

Nikatazama. Kweli, damu ilikuwa imeshaingia kwenye kitambaa cheupe na uzi umepita katikati ya nyama. Sikuhisi kitu. Nilikata uzi, nikauchomoa, na cha kwanza nilichosikitikia ni ile kola iliyoharibika. Ndipo tulipokuwa tumefikia.

"Afadhali umeharibu kola moja tu," Mama Shani akanitania huku akinifunga kidole kwa kipande cha pamba. "Wangetukata mshahara." Lakini macho yake hayakucheka. Alikibonyeza kile kidole kwa kucha, akanitazama, akabonyeza tena kwa nguvu zaidi.

"Unasikia?"

"Sisikii."

"Na mimi huku kwangu hivyo hivyo," akasema kwa sauti ya chini, akarudi kwenye cherehani yake.

Kiwanda chetu cha Uzi Mwema kiko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Katika miaka hiyo roboti walikuwa wanajenga maghorofa, wanaendesha treni na kupasua wagonjwa, lakini kitambaa kiliwashinda. Kitambaa kinateleza, kinajikunja, kina kiburi chake; ukikisukuma huku kinakwenda kule. Kwa hiyo tulibaki sisi wanawake na cherehani zetu, tumeinama kutwa nzima, mikono ikirudia jambo lile lile mpaka kano zinavimba na mabega yanasagika. Wakati wa mama zetu mtu alidumu miaka michache tu, kisha alirudi nyumbani akiwa hawezi hata kukamua nguo aliyofua. Ndipo wakatuletea mbeleko.

Jina hilo tulilitoa sisi wenyewe, maana wao waliiita kwa herufi na namba. Ni fulana ya mikono mirefu inayobana kuanzia kiunoni hadi vidoleni, iliyofumwa kwa nyuzi hai zinazojikaza kama misuli. Bega likichoka, nyuzi zinalibeba. Shingo ikilegea, zinaishika. Na penye maumivu zinatuma mtetemo mdogo kwenye mshipa wa fahamu, habari inakatwa njiani kabla haijafika kichwani. Ukiivaa unajisikia mtoto aliyefungwa mgongoni kwa mama yake. Siku ya kwanza wengi wetu tulilia, na tulilia kwa furaha.

Jioni ile kengele ilipolia, mbeleko ikaninong'oneza shingoni kama ilivyofanya kila siku.

"Pole na kazi."

"Nishapoa, wifi," nikajibu.

Vifungo vikaachia, na maumivu yakaingia yote kwa pamoja kama wapangaji waliokuwa wamefungiwa mlango. Bega la kulia likawaka moto. Kiuno kikakaza. Mkono tu ndio ulikaa kimya, na hicho ndicho kilichonitisha.

Nilisema "wifi" kwa sababu sauti ile niliijua. Ilikuwa sauti ya Siwema, dada wa marehemu mume wangu, tuliyekaa naye cherehani moja kando ya nyingine mpaka alipoitwa ghorofani kwenye kitengo cha lugha, wanakoifundisha mitambo kuongea kama watu. Waliichukua sauti yake wakaitia kwenye mbeleko zote, na sisi tulijivuna. Mwenzetu ndiye anayetupa pole! Wengine walijibu "nishapoa" kavu kavu, mimi nikiongeza "wifi" kwa utani. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amebadilika. Ukikutana naye getini ukamwambia pole na kazi, anajibu "asante" na kupita. Tulimcheka kwa hilo. Tulisema mwenzetu amepanda cheo, siku hizi hata kupoa hapoi.

*

Daktari Mkude wa zahanati ya mtaani kwetu ni kijana mpole, anayejua kumgusa mgonjwa. Alinipigapiga kwenye kifundo cha mkono, akanichoma kwa pini kidole baada ya kidole, na kila mara akasubiri niseme kitu. Nilisema kitu mara moja tu, alipofika kwenye kidole kidogo.

"Mama, kano zako za hapa zimevimba mpaka zimeubana mshipa wa fahamu," akasema. "Bega nalo limelika. Haya hayakuanza mwezi huu. Maumivu ni mlinzi, na mlinzi wako amekuwa akinyweshwa dawa ya usingizi miaka yote hii."

"Utanitibu?"

"Ipo tiba ya kuotesha mshipa upya. Tunapandikiza uzi mwembamba, mshipa unaufuata mpaka kwenye vidole. Lakini lazima mshipa wenyewe uwe bado una uhai, na wako, mama yangu, unaelekea kukata roho. Na mimi siruhusiwi kuanza bila kibali cha Baraza la Viungo."

Akatuma maombi pale pale. Kwa kuwa Baraza lilikuwa na mtambo wake wa kusikiliza, tuliouita Sikio, jibu lilirudi kabla sijamaliza kuvaa ushungi. Daktari akasoma, akakunja uso, akasoma tena.

"Wanasema hukuumia kazini."

"Niliumia wapi, ndotoni?"

"Sheria inataka mfanyakazi aseme mwenyewe hali yake anapotoka zamu. Akisema amepona, maumivu yanayokuja baadaye ni ya nyumbani: maji, kinu, kufua." Akasita. "Wanasema kila siku umesema umepona. Wameambatanisha sauti yako."

Akaibonyeza. Nikajisikia mwenyewe. *Nishapoa, wifi. Nishapoa, wifi.* Siku nyingine nikicheka, siku nyingine nimechoka, siku moja nikiwa natweta kabisa, na bado neno ni lile lile. *Nishapoa, wifi.* Nilianza kucheka. Nilidhani ni kosa la mtambo usiojua adabu.

"Daktari, hiyo si ni heshima tu? Mtu akikupa pole utajibu nini? Utamwambia sijapoa, ukae umsimulie kiuno chako?"

"Mimi najua, mama. Ila aliyetengeneza hii ameandika kwamba 'nishapoa' maana yake nimepona."

"Aliyetengeneza si Mswahili," nikasema.

Hapo hapo kicheko kikanikatika. Maana nilikumbuka ni sauti ya nani inayotupa pole.

*

Nilimkuta Siwema uani kwake, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Alikuwa amevaa kola laini ya shingoni, ile ya kuzuia kichwa kisilale upande. Naye alishona miaka mingi, na shingo haisahau. Kwa kawaida ningempa pole kabla hata ya kukaa. Siku hiyo nilikaa kwanza.

"Wifi, karibu. Mbona umekunja uso?"

"Nimenyimwa tiba ya mkono. Kwa sababu nilisema nishapoa."

Vidole vyake vikasimama juu ya mchele. Hakuuliza nishapoa gani.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua baadaye."

"Usinidanganye, Siwema. Baadaye lini?"

Alisogeza sinia pembeni. Alinieleza akiwa anaangalia mkeka. "Mwanzo mbeleko ilikuwa inauliza, 'Je, una maumivu?' Unawakumbuka wale wa majaribio, mstari wa akina Tausi? Wote walisema ndiyo. Kila siku. Bega, kiuno, vidole. Wakubwa wakasema kwa hali hii kiwanda kitafungwa, kazi itapelekwa nchi nyingine. Wakaniita ofisini. Wakaniuliza kama kwetu kuna namna ya kumuuliza mtu akajibu vizuri."

"Akajibu vizuri."

"Ndivyo walivyosema."

"Na wewe ukawajibuje?"

Jogoo wa jirani akapita karibu na sinia, hakuna aliyemfukuza.

"Nikawaambia msiwaulize," akasema. "Wapeni pole."

Nimefiwa na mume, wifi yangu huyu huyu ndiye aliyenishika nisianguke makaburini. Nimelala kwake, nimekula kwake, wanangu wanamwita shangazi. Lakini sijawahi kuumizwa na mtu kama nilivyoumizwa pale uani. Mgeni akikuibia unajua amekuibia mgeni. Huyu aliingia ndani ya adabu yetu, mahali ambapo wale wa nje wasingefika hata kwa tochi, akawafungulia mlango.

"Ungefanya nini wewe?" akapandisha sauti. "Kiwanda kingefungwa! Ungekula wapi? Mama Shani angekula wapi? Mnanicheka kwamba naringa. Mimi ndiye niliyewabakizia kazi!"

"Ndiyo maana siku hizi ukipewa pole unasema asante tu."

Akajishika kola ya shingo.

Baadaye alinisogelea, akanishika mkono, ule wa kulia, na mimi sikuusikia mkono wake. "Nisikilize, wifi. Tiba yako itatoka. Nimeshaiwaza. Kisheria jibu linahesabika likitolewa kwa chombo. Wenzako walikuwa wanakijibu chombo. Wewe ulikuwa unasema 'wifi'. Ulikuwa unaongea na ndugu yako, si na mbeleko. Nitakuja mwenyewe Barazani niseme hivyo, na kibali utapata siku hiyo hiyo."

"Na Mama Shani?"

"Mama Shani hakusema wifi."

"Kwa hiyo nikishinda mimi kwa njia hiyo, wao watakuwa wameijibu mashine kwa dhati. Walipona kweli."

"Sikusema hivyo."

"Sheria itasema."

Alirudisha sinia mapajani, akaendelea kuchambua. "Fikiria mkono wako kwanza," akasema. "Bila shaka daktari amekwambia mshipa ukifa haufufuki."

Nilifikiria. Nilifikiria njia nzima ya kurudi nyumbani, na sikufikiria mambo makubwa. Nilimfikiria mjukuu wangu, ambaye akiwa na homa siku hizi nampima kwa shavu kwa sababu kiganja hakiniambii kitu. Niliutaka mkono wangu. Nilimchukia Siwema kwa kunipa mlango ule, na nilijichukia zaidi kwa sababu nilitaka kuupita.

*

Baraza la Viungo lilikaa kwenye ukumbi mdogo wenye mabenchi, na Sikio likiwa mezani, kidude cha duara kisicho na kioo wala taa. Wenzangu wa mstari walikuja na sare zao. Walijua ninakata rufaa. Hawakujua nitasema nini. Mama Shani alikaa mbele kabisa ili asilazimike kuinua shingo.

Mwenyekiti, Bwana Mbena, aliingia kwa magongo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na plasta mpya na vidole vimevimba vikawa vyekundu. Alivuta kiti kwa shida huku akiuma meno.

"Pole na mguu, mheshimiwa," Mama Shani akasema.

"Nimeshapoa, mama, asante," akajibu, akashusha pumzi na kukaa.

Siwema alitoa ushahidi wake vizuri. Anajua kuongea, si bure walimchukua. Alisema yeye ndiye mwenye sauti, kwamba mimi ni wifi yake, kwamba neno lile nililoliongeza linaonyesha nilikuwa nafanya mzaha wa kifamilia, wala sikuwa natoa taarifa ya afya. Hakudanganya hata kidogo. Nilimtazama akisema, nikawa naona huruma yake kwangu ni ya kweli, na hilo liliniumiza kuliko angekuwa adui.

Mwenyekiti akanigeukia. "Bi Mwantumu, swali ni moja. Ulipojibu nishapoa, ulikuwa unaijibu mbeleko au ulikuwa unamjibu wifi yako? Ukisema wifi, mimi sina cha kuzuia. Kibali nitakitoa leo."

Neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwangu. Nimelisema maisha yangu yote, halina uzito. Nilimwona Mama Shani amelaza kichwa upande mmoja ili anione vizuri. Hakunisihi wala hakunikasirikia. Nadhani angeniambia nichukue.

Nikasimama, nikamgeukia Siwema.

"Wifi," nikasema, "pole na safari."

"Asante," akasema.

"Pole na shingo."

"Asante."

"Pole na kusimama muda wote huo."

Akafungua mdomo, akaufunga. Nyuma yangu nikasikia wanawake wakinong'ona, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayekubali pole zote hizo bila kupoa hata moja.

"Tulikaa pamoja miaka na miaka," nikamwambia. "Ulikuwa unapoa ukiwa na homa. Ulikuwa unapoa ukiwa na mimba. Tangu uende ghorofani hujapoa hata siku moja. Tulidhani unaringa. Sema sasa, mbele ya Sikio: kwa nini wewe hulisemi hilo neno?"

Alikuwa analia, lakini hakusema.

"Mheshimiwa," nikasema, "wewe mguu wako umevunjika, na umetuambia umepoa. Hukutudanganya. Umetujibu kama binadamu. Humu ndani ni mtu mmoja tu anayeogopa kusema nishapoa, na ni yule aliyeiambia mashine maana yake."

Bwana Mbena akautazama mguu wake. Kisha akalitazama Sikio pale mezani kama mtu aliyegundua mgeni wake anaiba vijiko.

"Kwa hiyo jibu lako ni lipi?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Mbeleko au wifi?"

"Niliijibu mbeleko. Kama wenzangu. Na hakuna aliyepona."

"Unaelewa unachokiacha? Ombi lako sasa litasubiri pamoja na yao. Itabidi sauti zote zisikilizwe upya, na kiwanda kitapinga. Siwezi kukuahidi lini."

"Naelewa," nikasema, na nilielewa kweli.

Koridoni Siwema alinishika kanga. "Umejikata mkono mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nimekuokolea."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi ya kutosha, tena mazuri. Nikavitoa vidole vyake kwenye kanga yangu kimoja kimoja, nikaondoka na wenzangu.

*

Kesho yake tulirudi kazini, maana rufaa hailishi mtu. Nilivaa mbeleko, nyuzi zikanikumbatia, bega likanyamaza. Nilishona kola kutwa nzima nikiangalia vidole vyangu kwa macho, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kujua viko wapi. Tausi, ambaye siku hizi yuko mstari wetu, alijaribu kuimba, akaacha.

Kengele ikalia.

"Pole na kazi," mbeleko ikaninong'oneza.

Nilikuwa nimejiandaa, na bado ulimi ulikuwa unaelekea kule kule kulikozoeleka. Nikaushika.

"Sijapoa," nikasema.

Nyuzi zilijikaza kidogo, zikalegea.

"Pole na kazi," ikasema tena, kwa upole ule ule, sauti ile ile iliyonifariji makaburini.

"Sijapoa, Siwema."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tupu hapo kiwandani, na hakuwepo kunisikia. Vifungo havikuachia. Hilo neno hawakuwahi kuifundisha. Nikavuta kwa mkono wa kushoto, vikang'ang'ania. Upande wa pili nikamsikia Tausi akisema sijapoa, kwa woga, kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka mstari mzima ukawa umekaa umefungwa ndani ya mbeleko, na shingoni kwa kila mmoja wifi yangu akimpa pole tena na tena.

Mama Shani akainuka. Alikuja kwangu polepole na kichwa chake upande, ameshika mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa.

"Tulia," akaniambia. "Nisije nikakukata."

"Hata ukinikata sitasikia."

"Utasikia sasa hivi," akasema, akaanzia begani.